Kabla ya Kuwasha Kompyuta: Mwongozo wa Warsha Fupi za Takwimu kwa Watafiti wa Afya Kolwezi

Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha uchunguzi uliofanyika Lubumbashi kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliandikisha watoto 138 wenye kasoro zinazoonekana kwa macho na watoto 108 wasio nazo, katika kipindi cha Machi 2013 hadi Februari 2015. Kati ya mambo yaliyopimwa, lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa kazi ya baba. Kwa baba mwenye kazi inayohusiana na madini, uwiano wa uwezekano (odds ratio) ulikuwa 5.5, na mipaka yake ya uhakika wa asilimia 95 ilianzia 1.2 ikaishia 25.0.

Isome sentensi hiyo ya mwisho mbele ya madaktari na wauguzi waliokaa chumba kimoja, kisha uwaulize imesema nini. Mmoja atajibu kwamba migodi imeongeza kasoro mara tano na nusu, basi. Mwingine atachukua 138, aigawe kwa jumla ya 246, na kutangaza kwamba asilimia 56 ya watoto wa Lubumbashi huzaliwa na kasoro. Wa tatu ataiona ile 25 na kukimbilia redioni.

Hao si wajinga. Ni watu waliofundishwa takwimu kwa kukariri fomula, wakafaulu mtihani, kisha wakapelekwa kazini ambako hakuna aliyewauliza tena habari za takwimu mpaka siku walipodaiwa ripoti. Katika jimbo la Lualaba, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, madai ya ripoti hayakomi. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka katika ukanda huu, na nyuma yake kuna vumbi barabarani, maji yenye rangi, wachimbaji wadogo mashimoni na wazazi wanaouliza kama mtoto amedhurika. Anayejibu mara nyingi ni daktari mkuu wa zoni ya afya, muuguzi mkuu wa kituo, fundi wa maabara au msaidizi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuwaandalia hao warsha ya takwimu ya siku chache, na anayetaka ibaki vichwani baada ya vyeti kugawiwa.

Ushauri wa kwanza, ambao yote yanayofuata yanautegemea, ni huu: kitabu cha warsha kiwe tafiti za Katanga yenyewe. Zipo, zimechapishwa, na nyingine zimeongozwa na Wakongo. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ndiye mwandishi wa kwanza wa uchunguzi wa mwaka 2009 uliopima madini katika mkojo wa wakazi wa Katanga, na pia wa ule wa mwaka 2018 uliofanyika Kasulo, hapo Kolwezi, na kuchapishwa katika jarida la Nature Sustainability. Mkufunzi anayekuja na mifano ya maua ya bustani au ya magari ya Marekani, ile inayokuja na programu za takwimu, anawanyima washiriki kitu ambacho tayari wanacho: kulijua eneo. Mtu anayejua Kasulo iko wapi atauliza maswali ambayo mkufunzi mwenyewe hajayafikiria.

Nani aingie, na lini

Kiingilio kiwe swali. Kila anayetaka nafasi aandike nusu ukurasa: anataka kujua nini, kuhusu watu gani, na data iko wapi. Asiye na data yake anaweza kuleta rejista ya wodi ya wazazi au taarifa za kila mwezi za zoni zilizomo katika DHIS2, mfumo ambao Kongo inautumia kukusanyia takwimu za vituo vya afya. Mwenye kuleta barua ya uteuzi peke yake asubiri zamu nyingine. Ni sharti gumu kulitetea mbele ya wakubwa, kwa sababu nafasi za warsha zina posho na posho ina wenyewe, lakini chumba kikijaa waliotumwa badala ya waliotaka, mkufunzi hodari kuliko wote hatafua dafu.

Washiriki kumi na wawili hadi kumi na watano wanatosha. Zaidi ya hapo mkufunzi hawezi kuangalia jedwali la kila mmoja, na kazi yake kubwa ni hiyo. Inasaidia pia kuwaalika wawili wawili kutoka mahali pamoja, kwa mfano daktari wa Dilala na mtunza takwimu wake, au muuguzi wa Fungurume na mtu wa maabara. Anayerudi peke yake ofisini na ujuzi mpya hupoozwa na mazoea ya wenzake ndani ya wiki chache.

Siku tano mfululizo ndizo zinazopendwa na wafadhili, na ndizo zinazosahaulika upesi. Mfano bora zaidi umeshajaribiwa. Mpango wa SORT IT, unaoratibiwa na TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya tropiki iliyo katika Shirika la Afya Duniani, na uliokua kutokana na kazi ya Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, hugawa mafunzo katika vipande vya takriban wiki moja moja vilivyotawanywa ndani ya mwaka. Katika kipande cha kwanza mshiriki anaandika mpango wa utafiti wake, katika cha pili anajifunza kuingiza na kuchambua data, na katika cha tatu anaandika makala. Kila kipande kina kazi yenye tarehe, na anayeshindwa kuiwasilisha haendelei. Ukali huo ndio siri yake. Mafunzo ya wataalamu wa epidemiolojia wa ngazi ya chini, yanayosimamiwa na mtandao wa AFENET wenye makao Kampala, nayo hufuata njia ya jirani: siku chache darasani, wiki kadhaa kazini, tena darasani, kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Kwa Kolwezi ratiba ya siku tatu, kisha wiki sita kazini, kisha siku tatu nyingine, kisha miezi miwili, kisha siku mbili za kumalizia, inawezekana bila fedha nyingi kuliko warsha mbili za kawaida. Epuka siku za mwanzo wa mwezi, kwani hapo vituo vinafunga ripoti zao na simu za wasimamizi hazipoi. Kama washiriki wanatoka Dilolo, Sandoa au Kapanga, epuka pia miezi ya mvua. Wa Kolwezi mjini watafika kwa vyovyote, lakini wa upande wa magharibi wanaweza kulala njiani.

Siku ya kwanza: kalamu, karatasi na mgao

Kompyuta zibaki mikobani. Jambo hili linawaudhi washiriki, ambao wengi wamekuja kwa ajili ya programu, na swali lao la kwanza huwa: "Prof, nitumie testi gani?" Jibu la siku ya kwanza ni kwamba hakuna testi inayoweza kuchaguliwa kabla ya kujua nani amehesabiwa, mara ngapi, na kati ya watu wangapi.

Uchunguzi wa Myriam Elenge na wenzake kuhusu ajali za wachimbaji wadogo wa Ruashi, pembezoni mwa Lubumbashi, ni zoezi zuri mno kwa saa mbili za asubuhi. Mwaka 2009 walihoji wachimbaji 180. Ajali zilizotajwa zilikuwa 392, na asilimia 72.2 ya wachimbaji walikuwa wameumia katika miezi kumi na miwili iliyotangulia. Waambie washiriki watafute idadi ya walioumia (130), kisha wagawe 392 kwa 180 na baadaye kwa 130. Watapata ajali mbili na ushei kwa kila mchimbaji, na ajali tatu kwa kila aliyeumia. Namba zote mbili ni sahihi na kila moja inajibu swali lake. Kinachokosewa ni kuandika kwamba "wagonjwa 392 waliumia", na kosa hilo limejaa katika rejista za zahanati, ambako mahudhurio ya mtu mmoja aliyerudi mara nne huhesabiwa kama watu wanne.

Kisha uliza swali la pili kuhusu Ruashi: nani hakuwapo siku wahoji walipofika? Aliyekufa shimoni hakuhojiwa. Aliyevunjika mgongo akarudi kijijini hakuhojiwa. Kwa hiyo asilimia 72.2 ni ya walio hai na wanaoendelea kuchimba. Washiriki wa Kolwezi hulielewa hili haraka kuliko wanafunzi wa Ulaya, kwa sababu wanawafahamu waliorudi vijijini.

Hapo ndipo mahali pa kuirudia ile asilimia 56. Watoto 138 na 108 hawakuhesabiwa kama walivyozaliwa. Waliteuliwa, kundi moja kwa sababu lina kasoro na jingine kwa sababu halina. Mtafiti angeweza kuchukua wasio na kasoro 500 na "asilimia" ingeshuka, wakati Lubumbashi ingebaki vilevile. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kusema kasoro ni nyingi kiasi gani. Unaweza kulinganisha tu: je, kazi fulani ya baba inaonekana zaidi upande huu kuliko ule? Na kwa kuwa kasoro zinazoonekana ni adimu, ule uwiano wa 5.5 unaweza kusomwa kama makadirio ya mara ngapi hatari imeongezeka. Kwa ugonjwa wa kawaida kama malaria ya watoto usomaji huo ungedanganya.

Mkojo, kobalti na wastani

Somo la wastani ndilo linalohitaji muda mwingi zaidi Kolwezi, kwa sababu vipimo vya madini mwilini havina tabia ya urefu au uzito wa watu. Wengi wana kiasi kidogo, wachache wana kingi kupita kiasi.

Andika ubaoni vipimo saba vya kubuni vya kobalti katika mkojo: 3, 5, 6, 9, 12, 20 na 155. Wastani wa kawaida ni 30. Waulize washiriki ni wangapi kati ya watu saba wamefika 30. Ni mmoja. Namba ya katikati ni 9. Sasa waonyeshe wastani wa kijiometri, ambao hupatikana kwa kuzidisha namba zote saba na kutafuta kipeo cha saba cha zao lake, au kwa njia rahisi zaidi, kuchukua logi za namba, kutafuta wastani wa logi hizo na kurudi nyuma. Jibu ni 11.7 hivi. Kisha badilisha 155 iwe 1,550, kosa la mtu aliyeteleza na sifuri moja, na waache wahesabu upya. Wastani wa kawaida unaruka hadi 229, namba ya katikati haitikisiki, na wa kijiometri unapanda hadi karibu 16.

Baada ya zoezi hilo jedwali la uchunguzi wa 2009 linasomeka. Banza na wenzake walipima metali 17 katika mkojo wa watu 351 kutoka sehemu 14, wakiwagawa kwa umbali: 179 waliishi chini ya kilomita tatu kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyushia, 133 kati ya kilomita tatu na kumi, na makundi mawili madogo ya 17 na 22 yalitoka mbali zaidi, la mwisho likiwa la kijijini kusiko na shughuli za madini kabisa. Walitumia wastani wa kijiometri, na viwango vya kobalti walivyovipata vilikuwa vya juu kuliko vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Mshiriki makini ataona mara moja kwamba kundi la kulinganishia lina watu 22 tu. Muulize: je, hilo linaua uchunguzi? Mwachie swali hilo mpaka kesho.

Kuna mitego mingine ya maabara ambayo vitabu vya takwimu vya kigeni huipita juujuu, na Kolwezi haiwezi kuipita. Kwa kuwa mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi umechujuka, vipimo hugawanywa kwa kreatinini. Lakini watoto wana misuli midogo na hutoa kreatinini kidogo, kwa hiyo kugawa huko peke yake kunainua namba zao. Mtoto alinganishwe na mtoto. Mtego mwingine ni vumbi: kidole chenye udongo wa Kasulo kikigusa ukingo wa kikopo, maabara ya Ubelgiji itapima udongo na kuuita mkojo. Hakuna hesabu ya kurekebisha hilo baadaye. Kuna pia vipimo vinavyorudi vikiwa vimeandikwa kwamba viko chini ya uwezo wa mashine kuviona. Hivyo si sifuri na si data iliyopotea. Kwa kawaida huwekewa kiwango cha chini cha mashine kilichogawanywa kwa kipeo cha pili cha mbili, na mtafiti anasema wazi katika makala yake kwamba ndivyo alivyofanya.

Ile 384

Fungua kazi za mwisho wa masomo katika vyuo vya afya vya Kongo, au vya Kenya na Tanzania kwa kweli, na utakutana na namba hiyo: sampuli ya watu 384. Inatokana na fomula inayochukua 1.96 kwa kipeo cha pili, ikazidisha 0.5 mara 0.5, ikagawa kwa 0.05 kwa kipeo cha pili. Imekuwa kama sala ya kufungulia mkutano: kila mtu anaisoma, hakuna anayeisikiliza.

Fomula ile inafaa kwa kazi moja, kukadiria asilimia fulani katika umma mkubwa kwa kuchagua watu kwa bahati nasibu, mmoja mmoja, ukikubali kukosea kwa pointi tano juu au chini. Mtafiti anayechagua kaya kwa mitaa hachagui mmoja mmoja, kwani majirani hunywa kisima kimoja na kuvuta vumbi moja. Mara nyingi huhitaji kuizidisha namba hiyo kwa mbili hivi. Na mtafiti anayelinganisha makundi mawili haihitaji fomula hiyo hata kidogo.

Kasulo ni ushahidi. Tangu 2014, baada ya madini ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba, wakazi walichimba ndani ya viwanja vyao na mtaa mzima ukageuka mgodi. Timu ya uchunguzi wa 2018 ilichukua damu na mkojo wa wakazi 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, na kuwalinganisha na watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Ni wachache mno kwa mujibu wa "384". Lakini watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi ya wenzao wa mtaa wa pili. Tofauti kubwa kiasi hicho haihitaji umati ili ionekane. Basi lile kundi la watu 22 la mwaka 2009 halikuuharibu uchunguzi. Lilitosha kwa tofauti kubwa, na lisingetosha kwa ndogo.

Upande wa pili uko uchunguzi wa watoto wa Lubumbashi, wenye watu 246, zaidi ya mara mbili ya wale wa Kasulo, na mipaka yake imetanuka kutoka 1.2 hadi 25. Kwa nini? Hapa mkufunzi atumie saa nzima, na asitumie programu. Weka jedwali la kubuni: watoto 100 wenye kasoro, kati yao 20 wana baba mchimbaji, watoto 100 wasio na kasoro, kati yao 4 wana baba mchimbaji. Uwiano ni 20 mara 96, gawanya kwa 80 mara 4, yaani 6. Ili kupata mipaka, jumlisha sehemu moja juu ya kila kisanduku: 1/20, 1/80, 1/4 na 1/96. Jumla ni karibu 0.323. Tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 1.96, halafu ongeza na punguza kwenye logi asilia ya 6. Ukirudi kutoka kwenye logi, mipaka inatoka 2.0 hadi 18.3.

Sasa waangalie tena ile jumla ya 0.323. Robo nzima, yaani 0.25, imetoka kwenye kisanduku chenye watu wanne. Zaidi ya robo tatu ya shaka ya uchunguzi wa watu 200 imebebwa na akina baba wanne. Ukiongeza watoto wengine wenye kasoro, hutapata nafuu kubwa. Ukiongeza wasio na kasoro, kisanduku kile kidogo kinakua na mipaka inasogeleana. Mshiriki aliyehesabu hivyo kwa mkono wake mara moja hatasoma tena uwiano bila kutafuta mipaka yake, na anajua aongeze watu upande gani. Ataona pia kwamba 5.5 haiko katikati ya 1.2 na 25 kwa kutoa na kujumlisha, ila kwa kugawa na kuzidisha: kutoka 1.2 hadi 5.5 ni mara nne na nusu, na kutoka 5.5 hadi 25 ni mara nne na nusu pia.

Thamani ya p ifundishwe baada ya hapo, kwa dakika chache. Inastahili chini ya heshima inayopewa.

Ndipo kompyuta zifunguliwe

Programu iwe moja, na iwe ya bure. Kwa kukusanya data vijijini, KoboToolbox inafanya kazi kwenye simu bila mtandao na kutuma data mtandao unapopatikana. Kwa kuingiza na kuchambua, EpiData ya Wadenmaki au Epi Info iliyoundwa na CDC ya Marekani zinatosha kwa tafiti nyingi za zoni. R ina nguvu kuliko zote na haina malipo, lakini siku tatu hazitoshi kumfanya mgeni aizoee. Waanzishiwe wale wachache walioonyesha hamu, jioni. Programu ya kununua iliyowekwa kwa njia za panya ifukuzwe chumbani. Siku itakapogoma, mtafiti atapoteza kazi yake yote.

Weka faili za kusakinishia kwenye flashi kabla ya kufika, kwa sababu mtandao wa ukumbini utashindwa watu kumi na wawili wakianza kupakua pamoja. Jenereta liwe na mafuta ya siku nzima. Umeme wa Kolwezi una migodi ya kuhudumia kwanza.

Halafu kuna nukta na mkato, jambo dogo linalokula siku nzima. Kompyuta nyingi za Kongo zimepangwa kwa Kifaransa, zinaandika tatu na nusu kama 3,5. Maabara ya nje hutuma 3.5. Faili ikifunguliwa kwa Excel ya Kifaransa, 3.5 inaweza kugeuzwa kuwa tarehe tatu Mei, bila onyo lolote, na kipimo cha kobalti kikapotea katika kalenda. Mfundishe kila mshiriki kuhifadhi faili ya asili bila kuigusa, kufanyia kazi nakala, na kuwa na karatasi inayoeleza kila kigeu: jina lake, kipimo chake, na 9 au 99 ina maana gani. Mtafiti aliyeweka 99 kwa "hajulikani" katika safu ya umri, kisha akatafuta wastani, atagundua kwamba zoni yake imejaa wazee.

Lugha na maadili

Makaratasi yatakuwa ya Kifaransa na makala za kusoma zitakuwa za Kiingereza, lakini mabishano yaachwe yaende kwa Kiswahili. Muuguzi anayeogopa kukosea sarufi ya Kifaransa mbele ya madaktari hatauliza, na muuguzi ndiye anayejua rejista ilijazwaje kweli. Mwandaaji aseme wazi tangu asubuhi ya kwanza, "Mama, Papa, uliza kwa lugha yako," na mkufunzi mwenyewe aanze kufanya hivyo.

Maswali ya madini yana wenyewe pia. Kabla ya data yoyote ya watu kuletwa warshani, majina yaondolewe na ruhusa ya kamati ya maadili iwepo. Mtaa mdogo ukitajwa pamoja na umri na kazi, mtu hutambulika hata bila jina, na katika mji ambako mwajiri ni mgodi, kutambulika kuna gharama. Zoezi moja la siku ya mwisho liwe kueleza matokeo kwa dakika tano, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa kikundi cha wakazi: tulipata nini, hatukupata nini, na kipimo hiki kinasema nini kuhusu mtoto mmoja. Kipimo cha kikundi hakisemi mengi kuhusu mtoto mmoja, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo.

Kupima warsha yenyewe

Dodoso la "umeridhika kiasi gani" litajaa alama za juu kila mara, hasa likigawiwa kabla ya posho. Lenye maana zaidi ni kuwapa washiriki ukurasa mmoja wa matokeo ya utafiti asubuhi ya kwanza na kuwataka waandike unasema nini, kisha kuwapa ukurasa mwingine wa namna hiyo miezi mitatu baadaye, wakiwa kazini. Hesabu pia yanayohesabika: mipango mingapi ya utafiti imepelekwa kwenye kamati ya maadili, ni zoni ngapi zimebadilisha jinsi zinavyoandika waliorudi mara ya pili, majedwali mangapi yamerudishwa kwa marekebisho.

Bajeti iwe na mstari wa usimamizi baada ya warsha, na mstari huo usikatwe fedha zinapopungua. Afadhali kupunguza siku moja ya ukumbi. Msimamizi mmoja kwa washiriki watano au sita, mwenye vocha ya simu na saa mbili kila wiki zilizolipiwa, anatosha. Kazi yake ya kwanza ni kumpigia kila mshiriki siku ya kumi baada ya kuondoka na kuomba kitu kimoja: jedwali tupu la matokeo, lenye vichwa vya safu na mistari, bila namba hata moja ndani yake.